Sentensi fupi za Kezilahabi

Sisi wa Migori na Homa Bay tumeambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili kitamu ni cha Pwani. Sisi tunabahatisha tu. Basi tumsome Euphrase Kezilahabi, mzawa wa Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria hili hili letu, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe.

Katika Rosa Mistika (1971) hapambi. Zakaria analewa, Regina anavumilia, mabinti wanaona. Sentensi ni fupi, vivumishi vichache, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kinachouma, kwani msomaji anaachiwa ahukumu mwenyewe.

Wapo wanaouita ufupi huo umaskini wa lugha. La hasha! Maskini wa lugha huokota maneno, Kezilahabi huyachagua.

Mwanafunzi wa ziwani, andika bila kuomba radhi.