Mshale Usiopanda

Gari likichemsha, kila mtu ni fundi. Mvuke unafuka kwenye boneti, utingo anakimbia na dumu la maji, na abiria ambaye hajawahi kushika spana anatoa hukumu kuhusu gaskiti. Lakini waletee watu haohao gari la dizeli ambalo mshale wake wa joto unapanda kidogo, unasimama chini ya robo na kubaki hapo hata uendeshe saa nzima. Watakupongeza. Injini iko poa, sasa unalalamika nini?

Kulitafuta tatizo la namna hiyo ndiko kunakomtenga fundi na mfungua nati. Injini inayozidi joto hujitangaza yenyewe. Inayokosa joto haitoi mvuke, hailazi gari njiani, na kwenye magari ya zamani haiwashi taa yoyote. Ndiyo maana nikitaka kumsifu fundi, simsifu kwa injini aliyoishusha na kuipandisha siku hiyohiyo. Namsifu kwa ile aliyoielewa kabla hajafungua nati hata moja.

Chukua barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Ukishapita Ruaha Mbuyuni unakutana na Kitonga, na kwenye kona zile ndipo thamostati nyingi zilipopewa talaka. Gari limechemsha, foleni ya malori iko nyuma, na fundi wa kando ya barabara hana nafasi ya kuuliza kama rejeta imeziba au mkanda wa feni umelegea. Anang'oa thamostati, anaitupa majanini, maji yapite bila kizuizi. Gari linapanda, dereva anashukuru, anatoa na hela ya soda. Baada ya saa kadhaa yuko Makambako, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Julai, ukungu haujaondoka, na injini ileile iliyokuwa ikichemka sasa haipati moto. Atatembea nayo hivyo miaka.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Katikati yake kuna kikopo cha chuma kilichojazwa nta. Nta ikipata joto inavimba, inasukuma pini, valvu inafunguka na maji ya injini yanaelekea kwenye rejeta. Kwenye dizeli nyingi za Toyota utakuta namba 82 imegongwa juu yake: maji yakiwa chini ya nyuzi hizo valvu inabaki imefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini tu, mpaka ipate moto wake. Huyo ndiye bawabu tunayemfukuza kila gari linapochemka.

Dizeli inauhitaji moto huo kuliko petroli, kwa sababu haina plagi ya kuiwashia mafuta. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapita nyuzi 500, mafuta yanapulizwa humo, yanajiwasha yenyewe. Rudolf Diesel alipoonyesha injini yake mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, iligeuza takribani asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za wakati ule hazikukifikia. Alikusudia joto lipotee kidogo iwezekanavyo, na alifaulu, tena kwa gharama ambayo madereva wa nyanda za juu wanaijua: dizeli inachelewa kupata moto, na ikiunguruma tu bila mzigo inaweza hata kupoa, maana inavuta hewa nyingi huku ikichoma mafuta kiduchu.

Injini isipofika joto lake, sehemu ya mafuta haiungui. Inagusa kuta za silinda zilizopoa, inateremka kupita ringi, inaingia kwenye oili. Asubuhi unaona moshi mweupe unaowasha macho, na kugonga kwa injini kunasikika kwa ukali kuliko kawaida. Salfa ya mafuta ikikutana na unyevu inageuka tindikali na kula chuma polepole. Mafuta ya safari yanaongezeka, lakini mwenye gari analaumu kituo cha mafuta. Na lililo baya kuliko yote ni kijiti cha kupimia oili: anakichomoa, anaona oili haijapungua, pengine imeongezeka, anajisifu kwamba gari lake halili oili. Angekinusa kijiti hicho, angesikia harufu ya dizeli.

Makambako nilimtazama fundi mmoja akipokea Land Cruiser hadtopu, ile yenye mkonga, injini ya 1HZ ya silinda sita. Dereva alifika saa saba mchana, injini ikiwa imetoka safari, akataka itazamwe palepale. Fundi alikataa kwa upole. "Kaka, liache lilale hapa. Nikilishika sasa litanidanganya."

Asubuhi hakuiwasha kwanza. Alifungua kifuniko cha rejeta, jambo ambalo huwezi kuthubutu kulifanya injini ikiwa na moto, akachungulia maji. Watu wengi hawaelewi kwa nini mtu anayetafuta baridi aanze na maji. Kinachopeleka habari kwenye mshale ni sensa iliyozama majini. Maji yakipungua, sensa inabaki hewani na mshale unalala chini, kumbe silinda hedi inaungua. Mshale uliolala unaweza kuwa habari ya moto. Fundi asiyelijua hilo atambadilishia mtu thamostati leo, na kesho atambadilishia injini.

Maji yalikuwa tele, ila yalikuwa na rangi ya chai. Akanyanyua uso, akamtazama dereva, hakusema kitu. Kisha akachomoa waya wa sensa, akafungua swichi bila kuwasha injini, akagusisha ncha ya waya kwenye chuma cha injini kwa nukta moja. Mshale ukaruka juu. Basi kipimo cha deshibodi ni kizima, na waya haukukatika. Sensa yenyewe aliipima kwa mita: kwenye sensa za aina hii ukinzani hupungua kadiri joto linavyopanda, na kama haupungui inavyotakiwa, mshale utaongopa hata injini ikiwa na afya.

Ndipo akawasha, akaweka kiganja juu ya hosipaipu ya juu ya rejeta. Hapa ndipo ufundi wote ulipo, na hauhitaji umeme. Thamostati ikiwa nzima, hosipaipu hiyo inabaki baridi dakika nyingi huku injini ikipata moto. Halafu ghafla, valvu inapofunguka, joto linafika kiganjani kwa mkupuo. Ikiwa imekwama wazi au haipo kabisa, hosipaipu inapata uvuguvugu tangu mwanzo, kidogo kidogo. Fundi alisimama na kiganja chake hapo, uso ameuelekeza kwenye feni. Alikuwa akiisikiliza. Feni ya gari hili inaendeshwa na klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Ikiamka inavuma, baada ya muda inatulia. Isipotulia, ama klachi imekwama ama kuna mtu ameichomelea izunguke moja kwa moja, ufundi mwingine wa Kitonga huo. Hii ilitulia. Hosipaipu ndiyo iliyokuwa ya uvuguvugu mapema mno.

Dereva alikuwa na yakini kwamba thamostati ilitolewa zamani. Kumbe ilikuwemo. Fundi aliichomoa, akaifuta, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango: uzi mwembamba wa nuru ulipita ukingoni mwa valvu. Chembe ya kutu ilikuwa imekalia kiti chake, ikaizuia isifunge. Sasa maji ya rangi ya chai yakaeleweka: miaka ya kuongeza maji ya bombani pasipo kulanti.

Aliing'oa chembe hiyo kwa ukucha. Wengi wangeirudisha thamostati hapo na kudai hela yao. Yeye alibana uzi wa kushonea kwenye mdomo wa valvu, akaining'iniza ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, akawasha jiko. Valvu ikianza tu kufunguka, uzi unaachia na thamostati inaanguka, nawe unasoma nyuzi papo hapo. Hii ilianguka kabla ya 70. Thamostati ilikuwa imechoka. Ikaletwa mpya kutoka dukani, nayo akaitia sufuriani, kwa sababu boksi lenye jina zuri si ushahidi. Kuhusu sufuria hiyo kuna jambo la kuangalia: kwenye miinuko ile maji huchemka karibu nyuzi 94 au 95, si 100, na dizeli nyingi za Ulaya zina thamostati zinazotaka zaidi ya 100 ili zifunguke zote. Kijana wa gereji akisubiri ifunguke yote ataihukumu nzima kuwa mbovu. Mwenye kutafuta baridi anatazama inapoanza kufunguka, na kama inafunga sawasawa.

Wapo watakaosema nchi za joto hazihitaji thamostati. Hata Dar es Salaam sikubaliani nao. Kwenye injini nyingi kitako cha thamostati hufunga pia njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa, na mlimani gari linaweza kuchemka zaidi kuliko awali. Madereva wa malori wanaofunika rejeta kwa boksi nawaelewa, ila boksi halijui mlima umeanzia wapi. Dizeli mpya nazo hazivumilii mchezo huu: chujio lao la masizi hujisafisha kwa joto, na injini isipopata moto linaziba. Kompyuta ya gari itaandika kodi P0128, lakini kodi hiyo inasema tu kwamba joto ni dogo. Sababu yake itabidi itafutwe kwa kiganja kilekile.

Kama gari lako la dizeli lilitolewa thamostati njiani, irudishe, na utie kulanti. Na fundi akikuomba gari lilale gerejini mpaka asubuhi, mwachie ufunguo.