Tunu Alipokwenda Mangweni: Utetezi wa Haki katika Kigogo na Darasani

Tamthilia ya Kigogo yake Pauline Kea ilitahiniwa katika Karatasi ya Tatu kuanzia 2018 hadi 2022, na sote tuliosahihisha insha zake tunaikumbuka aya ambayo haikukosekana: Tunu ni jasiri, Tunu ni mtetezi wa haki, Tunu ni mzalendo. Kila sifa na mfano wake, kila mfano na alama yake. Mtahiniwa aliyeandika hivyo hakukosea. Sisi walimu ndio tuliomfundisha kuwa utetezi ni sifa ya mtu, kama vile urefu au weupe wa meno. Kijana asiye na ujasiri wa Tunu akahitimisha kuwa hana la kufanya katika jamii yake. Aliye nao akadhani kazi yote ni kupaza sauti.

Tamthilia yenyewe haisemi hivyo. Hebu turejelee tukio la Mangweni, ambalo miongozo mingi hulipitia mbio ili kufika penye maandamano. Soko la Chapakazi limefungwa kwa kisingizio cha uchafu, ilhali wachuuzi wamekuwa wakilipa kodi. Nia ya Majoka ni kujenga hoteli ya kifahari. Tunu na Sudi wanakwenda kwa Mamapima kuwaalika walevi wajiunge na wenzao katika kudai haki. Wanapokelewa kwa kejeli. Ngurumo anadai kwamba Sagamoyo imekuwa pazuri zaidi tangu soko lifungwe.

Ni rahisi kumcheka Ngurumo, na wanafunzi wangu humcheka kila mwaka. Lakini tumuulize mwanafunzi: kwa nini Mamapima amsikilize Tunu? Pombe yake haramu imewapofusha na kuwaua watu, naye anaipika kwa kibali cha wakubwa. Mkate wake umo mikononi mwa Majoka. Boza, mumewe, naye hana haja ya kumuudhi mkubwa. Hawa si wajinga, wamepiga hesabu. Kea anatuonyesha kuwa mtetezi haanzi kwa kupambana na kigogo bali kwa kuketi na jirani anayenufaika, japo kwa makombo, na dhuluma ile ile. Kazi hiyo haina shangwe, na siku ya kwanza haikuzaa chochote. Hapo ndipo penye somo, na hapo ndipo tunaporuka.

Nina lalamiko dogo kuhusu mwisho wa tamthilia. Umati unafurika langoni mwa soko, Kingi anakataa amri ya kuwafyatulia watu risasi, Mamapima anaomba msamaha, na utawala unaporomoka. Mabadiliko ya Mamapima ni ya ghafla mno. Yamkini mwandishi alibanwa na mipaka ya jukwaa, ila msomaji kijana hubaki akiamini kuwa ukweli ukisemwa kwa sauti ya kutosha, mkuu wa polisi atatupa bunduki. Kenya ya Juni 2024, ambapo vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliuawa kwa risasi, haikuthibitisha imani hiyo. Mwalimu asiyeligusa jambo hili darasani anawaachia wanafunzi walijadili peke yao bwenini.

Nilijaribu njia nyingine. Badala ya insha ya sifa za Tunu, niliwaagiza wanafunzi wa kidato cha tatu waandike barua rasmi kuhusu soko lililo karibu na shule, ambalo halina choo. Muundo wa barua waliujua barabara: anwani mbili, tarehe, kichwa cha mada, sahihi. Shida ilikuwa anwani ya pili. Mmoja alimwandikia Rais. Wengi walimwandikia mbunge, wengine chifu. Ni wawili tu waliopeleka barua yao kwa serikali ya kaunti, ilhali Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka masoko chini ya kaunti. Wanafunzi waliokuwa tayari kuandamana na Tunu hawakujua mlango wa kubisha! Tulitumia vipindi viwili kwa anwani hiyo moja, na kwa Kifungu cha 37, kinachompa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na pia kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka za umma. Sagamoyo haikuwa na mlango huo wa pili, na ulinganisho huu ni swali zuri la alama ishirini.

Mwenzangu mmoja wa idara alionya kuwa nawafundisha mgomo. Hofu yake naielewa. Mabweni yamechomwa nchini kwa jina la haki. Hata hivyo, anayechoma bweni hajapitia Mangweni. Hajamshawishi mtu yeyote.

Barua mojawapo tuliiteua, ikasahihishwa na darasa zima, kisha wanafunzi wanne wakaipeleka sokoni kwanza ili wachuuzi waisome kabla haijafika kwa mwakilishi wadi. Muuza mboga mmoja alikataa kutia sahihi. Alisema akionekana kwenye orodha hiyo atanyang'anywa kibanda. Wanafunzi walirudi wamenyong'onyea, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa huyo tumwandikeje?" Tulifungua tena ukurasa wa Mangweni.