Filamu ya mapanki ilivyosukwa

Sijui filamu nyingine iliyoteuliwa kuwania Oscar ambayo iliwachemsha Watanzania kama Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ile ambayo mtaani tuliiita "filamu ya mapanki", yaani mabaki ya sangara. Iliteuliwa mwaka 2006 kwenye kundi la dokumentari ndefu, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akaishutumu hadharani. Watu wakabishana kama inachosema ni kweli au ni uzushi. Mimi mpenzi wa filamu naanzia kwingine: imesukwaje hadi ikauma vile?

Inaanza na kivuli cha ndege kikiteleza juu ya maji ya Ziwa Victoria. Mara tumo ndani ya mnara wa kuongozea ndege Mwanza, na mwongoza ndege anahangaika kumuua mdudu anayezengea kwenye kioo. Hakuna msimulizi wa kutuambia tuogope nini. Kamera inamng'ang'ania mdudu, na wasiwasi unakupanda wenyewe.

Kinachoishikilia filamu nzima ni swali moja analolirudia Sauper: hizi ndege za Ilyushin zinazobeba minofu ya sangara kwenda Ulaya, zinakuja na nini? Marubani wanasema zinakuja tupu. Anauliza wengine, anawarudia marubani. Karibu na mwisho mmoja anafunguka: aliwahi kupeleka zana za vita Angola, kisha akapakia zabibu Johannesburg kwenda Ulaya. Hapa ndipo ufundi ulipo. Ushuhuda huo ni wa Angola, Mwanza haimo. Lakini mtazamaji amekaa na lile swali zaidi ya saa nzima, kwa hiyo jibu analolisikia analitua mwenyewe kwenye uwanja wa Mwanza. Sauper hakutamka neno la uongo. Alizipanga picha jirani, akatuachia kazi ya kuziunganisha. Kwa shutuma nzito kama ile ya kuingiza silaha, naona alituachia kazi kubwa mno.

Palipo na mapanki penyewe hakuhitaji mbinu hiyo. Vichwa na mifupa ya sangara imeanikwa kwenye vichanja, funza wanatambaa matopeni, na mama mmoja anaeleza jinsi hewa ya mabaki yale ilivyomharibu jicho. Kamera imesimama karibu naye na kumsikiliza. Kwangu hicho ndicho kipande chenye nguvu kuliko vyote.

Halafu kuna Raphael, mlinzi wa usiku wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, mwenye upinde na mishale ya sumu. Giza limemzunguka, uso wake umejaza picha. Anasema wako wengi wanaotamani vita, maana jeshini kuna mshahara. Anayasema kwa Kiingereza, polepole, akitafuta maneno. Mtazamaji wa Paris akisikia ule ukimya katikati ya sentensi, damu inamsisimka. Sisi wa mitaa kama Kihonda, tunaopita usiku kwenye mageti ya viwanda na kusalimiana na walinzi, tunamwona mtu mzima anayehojiwa kwa lugha isiyo yake. Mlinzi ukimsemesha kwa Kiswahili atakueleza alikotoka, ada za watoto, bei ya unga, na atakutania kabla hujaondoka. Raphael hakupewa nafasi hiyo. Naiona kasoro hii kubwa kuliko ya silaha, kwa sababu ya silaha unaweza kuibishia, lakini hii inampunguza mtu mbele ya macho yako bila wewe kujua.

Oscar ikaenda kwa March of the Penguins ya Luc Jacquet, ambayo toleo lake la Marekani lilisimuliwa na Morgan Freeman. Ni kazi safi, picha zake za barafu ni za kushangaza, ila kila kitu unafafanuliwa. Kura yangu ingekwenda kwa Sauper, aliyeingia kwenye vyumba na vichanja ambavyo wengi wetu hatukuwahi kuvitazama. Ningemwomba tu amrudie Raphael na mkalimani, akae naye hadi alfajiri, na tafsiri aiandike chini ya picha.