Steringi Asiyejieleza

Basi linasimama kando ya barabara kuu, anashuka mwanamume mmoja, pande la mtu, hana begi wala simu. Anakwenda kwa miguu hadi mgahawani. Nje ya mlango kijana mmoja anamfokea mpenzi wake. Mgeni anasimama na kumtazama. Basi, anamtazama tu. Kijana anababaika, anamwomba msichana radhi, na mgeni anapita zake ndani na kuletewa pai ya pichi. Kabla hajaionja, polisi wamejaa mgahawani, bunduki zimemwelekea, anatiwa pingu. Dakika zinakatika na steringi bado hajafungua kinywa.

Ndivyo Jack Reacher alivyoingia sebuleni mwa watu tarehe 4 Februari 2022, tamthilia ya Reacher ilipoanza kuonyeshwa na Prime Video. Nimeirudia sehemu hiyo kuliko mapigano yote yaliyofuata, maana hapo ndipo mafundi walipoonyesha wanachokijua. Walikabidhiwa riwaya ambayo uhondo wake umo ndani ya fuvu la mtu mmoja, na fuvu la mtu halina dirisha la kupitishia kamera.

Riwaya yenyewe ni Killing Floor, ya mwaka 1997, na anayeisimulia ni Reacher mwenyewe. Aliyekuwa meja wa polisi wa jeshi la Marekani, sasa anazurura nchi nzima kwa basi, hana anwani, mswaki wa kukunja ndio mzigo wake. Nguo hununua za bei ya chini, akazivaa siku chache, akazitupa. Wanaokutana naye huona jitu kimya. Msomaji ndiye pekee anayejua kwamba ndani ya jitu hilo mna msemaji asiyechoka: anapima umbali wa mlango, anakisia uzito wa mtu, anajua ni saa ngapi bila kutazama saa. Ukiisimamisha hadithi hiyo mbele ya kamera, sauti yote hiyo inazimika, unabaki na jitu kimya kweli.

Ipo njia ya mkato, nasi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunaifahamu vizuri. Lufufu pale Dar es Salaam, na DJ Afro kule Kenya, walijenga majina yao kwa kumsemea steringi aliyenyamaza. Mtu anatembea tu kwenye filamu, sisi tunaambiwa anawaza kisasi, anamkumbuka mama yake, na pengine analaani bei ya unga. Ni sanaa yenye raha yake na sitaki kuisikia ikidharauliwa. Ila Nick Santora, aliyeongoza uandishi wa tamthilia hii, hakumwekea Reacher msimuliaji wa mawazo yake. Alitafuta watu wa kumchokonoa.

Wa kwanza ni Finlay, mkuu wa wapelelezi katika mji wa Margrave, Georgia. Ni mtu mweusi msomi wa Harvard aliyetoka Boston, na Malcolm Goodwin anamcheza akiwa ndani ya suti nzito ya sufu katika joto la kusini. Hiyo suti peke yake imebeba kurasa kadhaa za kitabu: kiburi chake, ugeni wake, ukaidi wa kutotaka kufanana na waliomzunguka. Reacher anapohojiwa, hesabu zile za kichwani zinapata sababu ya kusemwa kwa sauti. Mhojiwa anamsoma mhoji, naye Finlay anakasirika kwa kuwa amesomwa sawasawa. Roscoe, askari wa hapohapo Margrave, anafanya kazi hiyohiyo kwa upole zaidi na kwa utani. Kisha wakamleta Neagley, ambaye katika riwaya ile hayumo kabisa. Vitabuni alitokea mara ya kwanza katika Without Fail, mwaka 2002. Mashabiki wa aina fulani hununa mambo kama hayo. Mimi naona ilikuwa lazima awepo mtu mmoja aliyemjua Reacher tangu jeshini, anayeweza kumcheka usoni, la sivyo tungemaliza vipindi vinane tukimtazama mgeni.

Mapigano yalikuwa na shida yake. Lee Child, aliyemtunga Reacher, ana kanuni aliyoirudia mara nyingi: jambo la haraka liandikwe polepole, na la polepole liandikwe haraka. Ndiyo maana kitabuni ngumi moja hula kurasa. Inaanza na hesabu ya nani atatangulia na nani atakimbia, kiwiko kinapita wapi, mfupa gani utavunjika. Kwenye skrini, sekunde tatu ni sekunde tatu. Walichofanya ni kuihamisha ile polepole ikae kabla ya pigo. Alan Ritchson, anayemcheza Reacher, husimama mikono imelegea, akawaeleza waliomzingira yatakayowapata, kwa sauti ya karani anayesoma ratiba ya treni. Wanacheka. Nasi tunacheka, kwa sababu nyingine. Pambano likianza, linakwisha upesi na bila madoido. Saa ya mwandishi imewekwa mahali pengine lakini inaendelea kwenda.

Siwezi kulikwepa suala la kimo. Reacher wa vitabuni ana futi 6 na inchi 5, na filamu mbili za mwanzo, ya 2012 na ya 2016, zilimpa Tom Cruise nafasi hiyo. Watu walilalamika hadi kuchosha. Ile ya kwanza, iliyotokana na One Shot, ni filamu nzuri, na Werner Herzog anatisha ndani yake bila kunyanyua hata sauti. Tatizo la mwili mdogo ni la kiufundi zaidi kuliko la uaminifu kwa kitabu. Reacher mkubwa anaweza kumaliza ugomvi nje ya mgahawa kwa kutazama tu. Akiwa mdogo lazima kila mara athibitishe, na kuthibitisha kunataka maneno, magari na mbio, na ukimya wote unakwisha. Msimu wa tatu, wa mwaka 2025, waliligeuza jambo hilo kichwa chini: wakamleta Olivier Richters, Mholanzi mwenye sentimita 218, acheze Paulie mlinda lango. Ghafla Ritchson anaonekana kijana mdogo, na kwa mara ya kwanza macho yake yanapiga hesabu isiyotoa jibu analolipenda. Hakuna aliyetuambia kwamba anaogopa.

Child mwenyewe si mgeni wa televisheni. Jina lake halisi ni Jim Grant, Mwingereza aliyezaliwa Coventry, na alifanya kazi televisheni ya Granada huko Manchester tangu 1977 hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1995. Akanunua karatasi na penseli, akaanza kuandika habari za mtu asiyeajiriwa na yeyote. Nadhani miaka ile ya kuangalia saa ya studio ndiyo iliyomfanya atunge matukio ambayo kamera inayapenda. Chukua mwanzo wa Bad Luck and Trouble, riwaya iliyozaa msimu wa pili. Utamtafutaje mtu asiye na simu wala anwani? Neagley anaweka dola 1,030 katika akaunti yake ya benki. Reacher anasimama mbele ya mashine ya kutolea pesa, anaona salio halilingani na hesabu zake, na tofauti ile anaisoma kuwa 10-30, msimbo wa redio wa polisi wa jeshi anayeomba msaada wa haraka. Mawazo yote yameandikwa juu ya kioo cha mashine. Waliomhamishia kwenye televisheni walikiacha kisa hicho kilivyo, wakafanya vyema.

Bahati mbaya msimu huo wa pili, ukiacha mwanzo wake, naona ndio dhaifu. Walimzungushia Reacher wenzake wa zamani, kila mmoja na kichekesho chake, na mzururaji akageuka kuwa nahodha wa timu. Kitabuni sauti ya msimulizi humtenga hata akiwa katikati ya watu. Kwenye skrini, ukimjazia meza yote marafiki, upweke wake hauna mahali pa kukaa. Msimu wa tatu ulimpeleka nyumba ya ufukweni Maine, peke yake kati ya maadui, analazimika kunyamaza ili aishi, na tamthilia ikapumua tena.

Kwa msimu wa nne wamechagua Gone Tomorrow, riwaya ya 2009, na hapo ndipo ninapotaka kuwaona. Inaanzia ndani ya treni ya chini ya ardhi New York, saa nane usiku. Reacher amekaa, mbele yake kuna mwanamke, na kichwani anapitia orodha ya dalili za mtu aliyejifunga bomu, moja baada ya nyingine: dalili 11, akiwa mwanamke. Kwa kurasa kadhaa hakuna anayesema wala kusogea. Finlay hayumo behewani wa kumuuliza anawaza nini.