Kioo Kwanza, Mbao Baadaye

Wengi wanaojitengenezea kabati la gemu za zamani nyumbani huanza na mbao. Hununua plaiwudi, hukata mbavu, hupaka rangi, kisha mwisho kabisa hutafuta kioo kitakachoingia kwenye tundu lililokwisha kukatwa. Ninayemvulia kofia ni fundi anayeanza upande wa pili. Yeye kwanza huamua ni gemu gani anazipenda kiasi cha kusimama mbele yake miaka mingi. Gemu humchagulia kioo, na kioo ndicho humpa vipimo vya mbao.

Pac-Man, kazi ya Toru Iwatani na wenzake wa Namco mwaka 1980, ina nukta 224 kwa upana na 288 kwa kimo, ndiyo maana kiwandani kioo chake kilifungwa wima. Iweke kwenye TV pana ya leo, zile njia za bluu zinabanwa katikati, giza linajaa kushoto na kulia. Street Fighter II ya Capcom, ya mwaka 1991, ina shida nyingine. Nukta zake 384 kwa 224 zilibanwa ndani ya kioo cha uwiano wa 4 kwa 3, hivyo kila nukta ina kimo kikubwa kuliko upana. Fundi akiziacha ziwe mraba, mpiganaji Ryu ananenepa na mabega yanamtanuka.

Kwa hesabu hizo peke yake, kioo chochote cha kisasa kingeweza kurekebishwa kikatosha. Lakini kaa mbele ya TV ya chogo inayofanya kazi vizuri, usogeze uso mpaka karibu uiguse. Huoni vimraba. Unaona chembe nyekundu, kijani na bluu zikiwaka, na kati ya mstari na mstari utepe mwembamba wa giza. Mwale wa elektroni unaotoka shingoni mwa bomba la picha la TV hiyo hufagia mistari yote kutoka juu hadi chini, mara 60 hivi kwa sekunde. Rudi hatua mbili nyuma: kingo zilizokuwa kama meno ya msumeno zimelainika, na weupe umevuja kidogo kuingia kwenye rangi jirani. Wachoraji wa wakati ule walitegemea vioo vya namna hiyo. Nukta moja ya kahawia chini ya shavu ilitosha kuwa kivuli. Kwenye kioo bapa kikali, nukta ileile ni doa.

Asteroids ya Atari, ya 1979, inakwenda mbali zaidi. Pale mwale haufagii mistari. Unachora mawe na chombo moja kwa moja kama kalamu, na kwenye risasi unakaa mpaka ile nukta iwake kuliko kitu kingine chochote kiooni. Kwangu, anayeipenda Asteroids kwa dhati atafute bomba.

Kazi ya bomba ina masharti. Ni zito, hivyo rafu ya kulibeba lazima iwe imara. Ndani yake mna volti 20,000 na zaidi, na chaji inaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya, kwa hiyo asiyefunzwa amwachie fundi wa TV. Kisha kuna mawimbi: mashine nyingi za zamani huchora mistari kama 15,000 kwa sekunde, huku kompyuta ya kawaida ikianzia kama 31,000. Kuunganisha ovyo kunaweza kuua kioo kilichodumu miaka 40.

Kwa nyumba nyingi, basi, ningechagua kioo bapa cha aina ya IPS, ambacho rangi zake hazibadiliki sana ukikitazama kutoka pembeni, cha inchi 20, chenye nukta 1600 kwa 1200, kilichotumika maofisini kabla vioo vipana havijatawala. Kisimamishe wima, uikuze Pac-Man mara tano kamili: inakuwa 1120 kwa 1440, inaenea bila nukta hata moja kukatwa vipande. Epuka kioo cha aina ya TN hapo. Rangi zake hubadilika ukikitazama kutoka juu au chini, na ukikisimamisha wima kasoro hiyo inahamia kushoto na kulia, kila mchezaji akaona picha yake.

Na kuna Space Invaders, gemu ya Tomohiro Nishikado wa Taito, ya 1978. Katika kabati la kusimama lililouzwa Marekani na Midway, kioo kilikuwa cha rangi nyeusi na nyeupe, kikaongezewa vipande vya plastiki vya rangi, na picha iliakisiwa na kioo kinachoakisi kiasi na kuonyesha kilicho nyuma yake, ili wavamizi waonekane juu ya mandhari ya mwezi iliyochorwa. Fundi wa leo anaweza kuyafanya yote hayo kwa kioo bapa: alaze kioo chini, ageuze picha kushoto kulia ndani ya MAME, programu ya kuendesha gemu hizo kwenye kompyuta, apime pembe ya kioo cha kuakisi, akate plastiki ya kijani iangukie sawasawa juu ya ngao za mchezaji. Ubavu wa kabati asiukate mpaka pembe ile ikubali.