Punguza Namba, Usivunje Fani

Jioni, abiria wanaosubiri kuvuka kwenda Likoni hujazana Feri, Mombasa, na wengi wao wameinamia simu. Kuna anayetazama mpira, kuna anayesoma habari, na kuna wachache ambao akili yao iko kwenye michezo ya mtandaoni ya kujivika mhusika, ile inayochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja. Simama karibu na hao wachache siku sasisho jipya linapotoka. "Wamemkata makali kabisa, bro. Miezi yote ile, bure." Mwenzake humjibu: "Si uhame fani tu, kaka." Naye huuliza: "Nihamie wapi? Nianze upya na nani?"

Watengenezaji wengi huyaona malalamiko hayo kuwa kelele za watu wasiopenda mabadiliko. Mimi naona kuna hesabu ndani yake, na hesabu hiyo inaweza kufuatiliwa. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 michezo mikubwa imebadilisha nguvu za fani zake, yaani aina za wahusika wake, mara nyingi, na matokeo yanajulikana. Ukiyapanga, yanaonyesha jambo moja: ukubwa wa hasira hutegemea ni kitu gani kilichoguswa. Kuna mabadiliko ya namba, kuna mabadiliko ya kanuni, na kuna mabadiliko ya fani yenyewe. La kwanza wachezaji hulalamika wakasamehe. La pili huwagawa. La tatu huua mchezo.

Mibonyezo 12

Tuanze na namba. World of Warcraft ilipotoka tarehe 23 Novemba 2004 ilikuwa na fani tisa: wapiganaji wa upanga, wachawi, makuhani, wawindaji na wengineo. Kila fani ilikuwa na kazi: kukinga wenzake, kuwatibu, au kushambulia. Vita vikubwa vya wakati huo vilihitaji kikosi cha watu 40, na kiongozi wa kikosi ndiye aliyeamua nani aingie na nani abaki nje.

Katika mchezo huo, ukishatumia pigo moja, kwa kawaida husubiri sekunde 1.5 kabla ya kutumia lingine. Tuseme vita vinachukua dakika sita. Hizo ni sekunde 360, yaani mibonyezo 240. Mtengenezaji akipunguza nguvu ya fani kwa asilimia 5, ni sawa na kumnyang'anya mchezaji mibonyezo 12 kati ya 240. Ukiangalia vita vyenyewe hutaiona tofauti hiyo. Ndiyo maana mtengenezaji huona amefanya marekebisho madogo na kushangaa watu wanapopandwa na hasira.

Lakini kiongozi wa kikosi haangalii vita. Anaangalia orodha inayopanga wachezaji kwa nguvu zao. Fani nyingi zikiwa zimekaribiana, mibonyezo 12 inatosha kumtoa mtu nafasi ya tatu na kumtupa ya tisa, na nafasi kikosini hutolewa kwa kufuata orodha. Pengo ni dogo, adhabu ni kubwa. Anayepima pengo na anayebeba adhabu ni watu wawili tofauti, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa.

Hata hivyo, ugomvi wa namba hupoa. Oktoba 2008 sasisho la World of Warcraft liliwapa wenye fani ya paladini wanaoshambulia nguvu zilizopita kiasi, wakawa wanaangusha watu kwa mapigo machache. Haukupita muda nguvu hizo zikakatwa. Mwezi uliofuata ikaja fani mpya ya Death Knight, iliyoanzia moja kwa moja ngazi ya 55, nayo ikatawala viwanja mpaka ilipopunguzwa hatua kwa hatua. Wenye fani hizo walinung'unika sana, lakini waliendelea kucheza, na sababu ni rahisi. Vitufe vilibaki vilevile, mpangilio wa mapigo ulibaki uleule, na ujuzi uliokwisha kukaa mkononi haukuguswa. Kilichopungua ni malipo ya kazi. Kazi yenyewe ilibaki.

Kuna hata njia ya kusawazisha bila kukata mtu makali. Hadi Januari 2007, kati ya pande mbili hasimu za mchezo huo, paladini alipatikana upande wa Alliance peke yake, na shamani upande wa Horde peke yake. Kila upande uliona mwenzake amependelewa. Badala ya kuendelea kupunguza huku na kuongeza kule, watengenezaji waliufungulia kila upande fani ya mwenzake. Mzozo ule ukakosa msingi.

Kugawana nako kuna gharama yake. Kuanzia mwishoni mwa 2008, watengenezaji, wakiwemo Greg Street ambaye mara nyingi ndiye aliyewaeleza wachezaji sababu za mabadiliko, walifuata sera ya kumfanya kiongozi wa kikosi achague mtu mzuri badala ya kulazimika kuchagua fani fulani. Misaada ambayo zamani ilitolewa na fani moja sasa iliweza kutolewa na fani kadhaa. Walioachwa nje wakapata nafasi. Lakini malalamiko mapya yakaanza: fani zimefanana mno. Hapa pana ukweli ambao kila mwenye kusawazisha lazima aukubali. Kadiri fani zinavyotofautiana ndivyo zinavyokuwa vigumu kulinganisha, na kadiri zinavyolingana ndivyo zinavyopoteza ladha. Hakuna namba inayotibu yote mawili kwa pamoja.

Kanuni ikibadilika, mkono hupotea

Mabadiliko ya kanuni ni jambo jingine. Julai 2018 World of Warcraft iligusa zile sekunde 1.5. Zamani, silaha nyingi za kuongeza nguvu kwa muda mfupi hazikuhesabiwa kuwa pigo, kwa hiyo mchezaji aliweza kuzifungua zote kwa mpigo mmoja na kushambulia papo hapo. Sasisho lile likazifanya nyingi ziingie kwenye foleni. Kuanzia hapo aliyefungua tatu mfululizo alitumia sekunde 4.5 akijiandaa kabla ya kupiga hata pigo moja.

Watengenezaji walitaka kila kitufe kiwe uamuzi badala ya vyote kubonyezwa pamoja bila kufikiri. Hoja hiyo ina mantiki. Lakini wachezaji waliyahisi matokeo vidoleni: mhusika waliyemjua kwa miaka amekuwa mzito. Nguvu za fani zingeweza kuongezwa hadi jumla ifikie ile ya zamani, na bado uzito ule ungebaki. Namba haiwezi kufidia kanuni. Katika toleo la 2020 baadhi ya silaha hizo zilitolewa tena kwenye foleni, na huo ni ushahidi kwamba wachezaji hawakuwa wakilalamika kwa mazoea tu.

RuneScape ya kampuni ya Jagex, huko Cambridge, ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 20 Novemba 2012 ilibadilisha mfumo mzima wa mapigano. Mfumo wa zamani ulikuwa rahisi: unamchagua adui, mhusika wako anapiga, na wewe unashughulika na chakula, silaha na nafasi ya kusimama. Mfumo mpya ulileta safu ya vitufe na mapigo ya kupanga. Aliyetumia miaka kujifunza ule wa kwanza alijikuta mgeni ndani ya nyumba yake, na wengi wakaondoka.

Kilichoiokoa Jagex ni nakala ya mchezo iliyohifadhiwa tangu Agosti 2007. Mapema 2013 kampuni iliwaita wachezaji wapige kura kama wanautaka mchezo wa zamani, na kura zikakaribia 450,000. Tarehe 22 Februari 2013 Old School RuneScape ikafunguliwa. Pamoja nayo ukaja utaratibu ambao sijaona mwingine unaoushinda: jambo jipya lingeingia mchezoni likiungwa mkono na angalau asilimia 75 ya wapiga kura. Kizingiti hicho hakikuwa pambo. Mwaka 2019 pendekezo la ujuzi mpya ulioitwa Warding lilipata karibu theluthi mbili ya kura, na likaanguka. Oktoba 2018 mchezo huo ukaja kwenye simu, kwa akaunti ileile ya kompyuta, na ndiyo maana leo mtu anaweza kuucheza akisubiri lango la feri lifunguliwe.

Fani ikifutwa, mtu hufutwa nayo

Mfano mbaya kuliko yote ni Star Wars Galaxies, iliyotoka Juni 2003 mikononi mwa Sony Online Entertainment na LucasArts. Ilikuwa na fani zaidi ya 30, na uzuri wake ni kwamba nyingi hazikuwa za vita. Kulikuwa na wacheza ngoma, wanamuziki, madaktari, mafundi wa silaha, wafugaji wa wanyama. Mpiganaji aliyechoka aliingia kilabuni kupumzishwa na muziki, akatibiwa na daktari, akanunua silaha iliyotengenezwa na mchezaji mwenzake. Kuwa Jedi kulikuwa jambo la nadra, lililofikiwa na watu waliovuja jasho muda mrefu.

Aprili 2005 mfumo wa mapigano ulibadilishwa. Wachezaji hawajatulia, tarehe 15 Novemba mwaka huohuo ukaja mwingine, na safari hii fani zote zikakunjwa zikawa tisa. Mfugaji wa wanyama akaamka hana fani. Jedi akawa chaguo la siku ya kwanza, la mtu yeyote. Tena yote haya yalikuja wiki mbili tu baada ya kampuni kuuza nyongeza mpya ya mchezo, iliyotoka tarehe 1 Novemba. Hasira ilikuwa kubwa hata kampuni ikalazimika kutoa fursa ya kurudishiwa fedha. Mchezo uliendelea kwa kusuasua, ukafungwa tarehe 15 Desemba 2011. Hadi leo kuna wapenzi wake wanaojenga upya, kwa mikono yao, toleo la kabla ya Aprili 2005.

Ukiwauliza watengenezaji, wangekuambia kwamba fani tisa ni rahisi kusawazisha kuliko thelathini. Ni kweli. Lakini walichosawazisha hakikuwa tena kile ambacho watu walikuja kukicheza.

Mizani inapofika Feri

Kuna jambo jingine ambalo jedwali la watengenezaji haliwezi kulionyesha, nalo ni umbali. Kabla ya 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea zaidi setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu, na ujumbe kwenda na kurudi ulichukua karibu nusu sekunde hata kabla ya foleni nyingine zote. Mwaka huo kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na mwaka uliofuata EASSy. Mwanga ndani ya kebo huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Ulaya, mwisho wa njia ya kebo ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sekunde 0.1. Ongeza mtandao wa simu, na 0.2 ni jambo la kawaida.

Ucheleweshaji huo hauziumizi fani zote sawasawa. Old School RuneScape huhesabu matukio kila baada ya sekunde 0.6, kwa hiyo sekunde 0.2 humezwa ndani yake. World of Warcraft hupokea mbonyezo unaofuata muda mfupi kabla wa kwanza haujamalizika, kwa hiyo anayeshambulia kwa mfululizo hapotezi mengi. Anayeumia ni yule ambaye kazi yake ni kujibu: kukatiza uchawi wa adui unaochukua sekunde 1.5, au kumtibu mwenzake aliyebakiwa na pumzi moja. Toa sekunde 0.2 za njiani, toa muda wa jicho kuona na kidole kusogea, uone kinachobaki. Fani iliyosawazishwa kwa kutegemea wepesi wa kujibu inakuwa dhaifu inapochezwa kutoka pwani yetu, hata kama jedwali linasema iko sawa. Fani ya sumu inayomla adui polepole hubaki ileile popote inapochezwa. Mchezaji wa Mombasa anapolalamika kwamba fani yake haina nguvu, huenda anasema ukweli ambao vipimo vya aliyekaa karibu na seva havitauona kamwe.

Hukumu

Usawazishaji ni lazima. Mchezo usiorekebishwa huishia na fani moja inayotumiwa na kila mtu. Lakini kuna namna ya kuufanya, na mifano hii inaionyesha.

Kwanza, anza na namba, kwa hatua ndogo, na useme wazi kipimo kilichokuongoza. Pili, kanuni isiguswe kabla ya majaribio ya wazi, na toleo la zamani lihifadhiwe. Bila nakala ya Agosti 2007 pasingekuwa na Old School. Tatu, angalia wakati. Magari hupangwa ndani ya feri ikiwa bado gatini, hakuna anayehamisha lori katikati ya mkondo wa Likoni. Mabadiliko makubwa yaje baina ya misimu, kamwe yasije baada ya watu kulipia msimu mpya. Nne, ukimkata mtu makali, mpe njia ya kuchagua tena. Aprili 2009 World of Warcraft iliwaruhusu wachezaji kuwa na mipangilio miwili ya ujuzi kwa mhusika mmoja, kwa dhahabu 1,000 za mchezoni. Hilo lilipunguza maumivu ya kila sasisho lililofuata. Tano, pima nguvu za fani kutoka mbali pia, pamoja na ucheleweshaji ambao wachezaji halisi wanao.

Nawaambia hasa vijana wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam mnaojifunza kutengeneza michezo. Siku mtakapokuwa na wachezaji wenu, mtapokea ujumbe wenye hasira kutoka kwa mtu aliyepoteza mibonyezo 12. Msimcheke. Mtu huyo amewapa muda wake, na hakuna sasisho linaloweza kumrudishia. Mwelezeni mapema, msikilizeni kabla ya kuamua, na mkishindwa kukubaliana naye, mwachieni fani yake.