Chombo Bila Fundi: Ukumbusho wa Katanga na Mfano wa Mtepe

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili, kazi za mikono hutajwa kwa nadra, na zikitajwa hupewa nafasi ya pambo. Mifano miwili, mmoja wa Katanga na mwingine wa Lamu, yaonyesha hasara ya mazoea hayo.

Miji ya Likasi, Lubumbashi na Kolwezi ilikuzwa na migodi ya shaba, na wengi wa wakazi wake walitokea mbali: Kasai, Maniema, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini. Kiswahili cha wageni hao kilikomaa kambini, kiwandani na sokoni, mbali na bahari. Humo neno ‘ukumbusho’ lilipata maana mahususi. Picha iliyochorwa kwenye kitambaa cha gunia la unga na kutundikwa ukutani iliitwa ukumbusho kwa kuwa iliwachochea watazamaji wasimulie. Kazi ya fundi haikukamilika mpaka imezungumzwa.

Aliyelidhihirisha jambo hili kuliko wengine ni Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, akafanya kazi Likasi na katika miji mingine ya migodi. Baina ya miaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, picha takriban 100 za historia ya nchi yake. Miongoni mwake mna kupigwa risasi kwa wafanyakazi wa Union Minière waliogoma mwaka 1941, na kifo cha Lumumba mwaka 1961. Maelezo yake ya Kiswahili yalinaswa katika kanda, naye alijitambulisha kuwa ni mwanahistoria. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo mwaka 1996 kiliyatoa maelezo hayo kwa Kiingereza, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulilalamikia. Hata hivyo, maneno ya asili yalihifadhiwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana tena, lakini hoja zake zingali zinaweza kujadiliwa.

Pwani hali ni kinyume. Mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi na kusafiri kwa tanga la mkeka, ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Vilivyobaki ni picha chache na mifano midogo iliyochongwa kwa mkono na kuwekwa katika majumba ya makumbusho. Mifano hiyo ni mizuri. Yaonyesha omo lililochongoka, macho yaliyochorwa ubavuni, na tanga la mraba. Lakini haisemi kamba ilikazwa kiasi gani, maji yaliyopenya yalifutwa vipi, wala fundi alihama kisiwa gani kufuata kazi na nani alimrithisha ujuzi. Uzi wa mfano haubebi uzito wa bahari. Kwa hiyo swali muhimu kuliko yote la ufundi ndilo mfano usiloweza kulijibu.

Upungufu huo ulidhihirika mwaka 2003, ulipoundwa mtepe wa ukubwa kamili, ‘Shungwaya’, kwa ajili ya Beit al-Ajaib, Unguja. Mafundi hawakuwa na mtepe hata mmoja wa zamani wa kupimia kazi yao. Walilazimika kuupata upya ujuzi ambao ungeweza kuulizwa kwa wazee miongo michache kabla. Na jumba lenyewe halikuwa ngome: sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Yawezekana kupinga kwamba kitu hujieleza chenyewe, na kwamba maelezo yaliyorekodiwa huelekezwa na maswali ya mdadisi. Hoja hii ina uzito: bila Fabian, Tshibumba pengine asingechora mfululizo mrefu kiasi hicho. Lakini athari ya mdadisi huweza kupimwa pale ambapo swali na jibu vyote vimehifadhiwa. Kimya hakipimiki.

Hivyo basi, anayekusanya kazi za mafundi hana budi kukusanya maisha yao pia, kwa lugha yao wenyewe, wangali hai. Bila ya hayo, mtepe mdogo ndani ya kabati la kioo ni chombo tu. Kwa maana ya Katanga, haujawa ukumbusho.